Maboksi Sita Ndani ya Barafu

Jibini halipendi mtu mvivu. Kila asubuhi lazima ligeuzwe, lifutwe kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, lirudishwe kwenye ubao wake. Ukiliruka siku mbili linaota ukungu mweusi, na Papa Straton, mwenye ng'ombe na mwenye hicho kiwanda kidogo cha mlimani, anaanza kukukumbusha makosa yako tangu ulipozaliwa. Sidonie alikuwa amefanya kazi hiyo kwa miaka kumi na moja. Aliigeuza hiyo mizigo ya duara bila kuitazama, akiugonga kila mmoja kwa kidole kusikiliza kama umeoza ndani. Alikuwa amefika ubao wa tatu simu ilipolia kwenye mfuko wa aproni.

"Dada," ilikuwa sauti ya mdogo wake, Esdras. "Goti inavimba. Nimepima. Iko trente-neuf."

"Ya pédale?"

"Njo ile ya pédale."

Esdras alikuwa fundi wa nguo. Goti la kulia ndilo lililokuwa likikanyaga mashine, na siku za kawaida lilikuwa na sentimita thelathini na sita, si thelathini na tisa. Alilijua kwa sababu alilipima kila asubuhi kwa futi yake ya ushonaji kabla ya kupima kiuno cha mteja yeyote.

"Imegongwa?"

"Nimejigonga kidogo tu ku chuma ya mashine. Kidogo, dada. Ingekuwa wiki iliyopita isingefanya kitu. Lakini leo njo siku ya sindano."

"Najua. Nakuja."

Alikata simu akatazama mwisho wa ubao wa tatu, pembeni kabisa, mahali palipokuwa na baridi nzuri kuliko kote chumbani. Siku tatu zilizopita palikuwa na maboksi saba ya dawa pale. Sasa palikuwa na alama saba za mraba kwenye vumbi la chumvi.

Esdras alizaliwa na damu isiyoganda. Mwili wake hautengenezi protini moja tu, ambayo madaktari wanaiita faktari ya tisa, na kwa kukosa hiyo moja tu, mchubuko ambao mtu mwingine anausahau kabla ya chakula cha mchana unaweza kumlaza yeye mwezi mzima. Ugonjwa huo unapita kwa akina mama na kuangukia watoto wao wa kiume. Mjomba wao Samy alikufa nao kwenye machimbo ya Omate, huko Walikale. Jiwe lilimkwaruza kifundo cha mguu Jumatatu, wakamzika Ijumaa. Watu walisema amerogwa na wachimbaji wenzake. Hakurogwa na mtu. Alikosa kichupa kimoja cha unga mweupe ambacho nchi nyingine mtoto anakwenda nacho shuleni kwenye mkoba.

Kichupa hicho Esdras alikipata akiwa na miaka ishirini na saba, na alikipata kwa bahati. Daktari mmoja wa Goma, Docteur Astrid, alipokea msaada kutoka nje akampa maboksi kumi na mawili. Aliwakalisha yeye na Sidonie akawaeleza polepole. Dawa ya zamani, alisema, ukimchoma mtu leo, kesho nusu yake imeshatolewa na mwili, keshokutwa imebaki robo, kwa hiyo lazima sindano mbili kila wiki, maisha yote. Nani atatoka milima ya Masisi mara mbili kila wiki? Hii mpya ni protini ileile, ila wameifunga mnyororo mrefu wa kemikali unaoitwa polima. Mnyororo huo unaifunika, mwili unachelewa kuikamata na kuitupa. Nusu yake inakaa siku nne. Sindano moja inalinda wiki moja.

"Polima njo plastiki?" Esdras aliuliza. "Donc nitakuwa na sachet ya plastiki mu damu?"

Daktari alicheka. Sidonie hakucheka, alikuwa anafikiri. "Ni sawa na fromaji," alisema, akifikiria jibini lake. "Ile haina ngozi inakauka siku tano. Ile ya ngozi inamaliza miezi."

"Njo vile kabisa, Mama," daktari alisema.

Hivyo ndivyo maboksi yalivyofika kwenye chumba cha jibini. Kituo cha afya cha kilimani hakikuwa na friji. Kilikuwa na nesi mmoja, Fifi, na meza moja. Karatasi iliyokuwa ndani ya kila boksi ilisema dawa inaweza kukaa miezi sita nje ya friji, mradi joto lisizidi nyuzi thelathini. Chumba cha jibini hakikupita nyuzi kumi na nne mchana wala usiku. Papa Straton mwenyewe alisafisha pembe ya ubao. Kila Jumanne Sidonie alichukua boksi moja, Fifi akamchoma Esdras, na kwa wiki tano mfululizo yule kijana alishona kama mtu mwenye magoti mawili mazima. Alichukua kazi ya sare za shule nzima. Alianza hata kuvaa suruali nyembamba.

Kisha akaja Superviseur Athanase.

Alitoka kwenye ofisi ya afya, huko chini mjini, na shati jeupe na daftari la ukaguzi. Alisoma rejista ya Fifi, akauliza dawa iko wapi, akaletwa hadi kwenye jibini. Alisimama mlangoni ameziba pua.

"Médicament na fromage mu chumba moja? Mama, hii ni pori gani?"

"Iko ku baridi, Papa. Angalia thermomètre."

"Baridi ya fromage haiko chaîne de froid. Nabeba yote ku frigo ya Leta."

Leta ni serikali, na chaîne de froid ni baridi ya dawa isiyokatika, ya friji hadi friji. Leta ambayo haijaleta barabara, haijaleta maji, haijaleta hata kitanda cha pili kwenye kituo cha Fifi, ilikuwa imekuja na mfuko wa plastiki kuchukua maboksi saba ambayo haikuyanunua. Fifi alimfuata hadi kwenye pikipiki akimwomba aache walau boksi la Jumanne. Athanase akamwambia Jumanne waandike ombi.

Na Jumanne ilikuwa leo.

Sidonie alimkuta Esdras kwenye kibanda chake amekaa chini, mguu umenyooshwa juu ya robota la kitambaa cha bluu cha sare. Fifi alikuwa amemfunga goti kwa kitambaa cha maji baridi. Kijana alikuwa na jasho kwenye mdomo wa juu, lakini alijitahidi kufanya utani.

"Quarante," alisema, akionyesha arobaini kwenye futi. "Bei ya kila kitu inapanda, hata goti."

"Nyamaza wewe," Fifi alimwambia. Akamgeukia Sidonie. "Damu iko naingia mu goti. Ikifika mangaribi bila dawa, itajaza yote, na ile goti haitakunja tena. Ile ya kushoto iliharibikaka vile, unakumbuka. Boksi moja tu, Sidonie. Boksi moja leo itasimamisha."

"Andika barua."

"Nimeandika." Fifi alimpa karatasi yenye muhuri wa kituo. Esdras naye alichomoa kutoka mfuko wa shati ile karatasi ya ndani ya boksi, imekunjwa mara nane, akampa dada yake.

"Akisema haelewi, umusomee," alisema.

Twizeyimana, dereva wa pikipiki, alikuwa ameshawasha. Alipandisha nauli petroli ilipopanda, na tangu hapo alikuwa hawezi kuwatazama wateja wake machoni, mtu mzima na ndevu zake. Safari hii hakutaja bei. "Panda, Mama Sidonie," alisema tu.

Njia ilikuwa tope. Wenye kushika barabara walikuwa wamebadilika mara mbili mwaka huo, lakini kamba ya kizuizi ilikuwa ileile, imefungwa kwenye mti uleule, na vijana waliokaa chini yake walikuwa na njaa ileile. Walimjua Sidonie. Mara nyingi alipita na jibini la kupeleka sokoni na kuwakatia kipande.

"Leo fromaji iko wapi, Mama?"

"Leo hakuna. Niko na mugonjwa."

"Mugonjwa iko wapi? Tunaona weye na huyu."

"Amebaki. Nafwata dawa."

"Basi mungojee chef. Chef iko nakula."

Walingoja chef, mkubwa wao, amalize kula. Alikula mihogo na maharage, na alikula vizuri, kwa utulivu, akilamba kila kidole. Sidonie alisimama kando ya kamba akihesabu sentimita kichwani. Kuna watu wanaosema vita ndiyo inayoua huku kwetu. Ni kweli. Lakini wanaokufa kwa kumngoja mtu amalize kula, nani anawaandika?

Walifika mjini saa tano na nusu. Ofisi ya afya ilikuwa nyumba ya bati la bluu yenye baraza, na barazani watu ishirini au zaidi walikuwa wamekaa ukutani. Sidonie aliwapita wote akiwaomba radhi mmoja mmoja, akaingia.

Athanase alikuwa anaandika ripoti. Wiki ijayo wakubwa wake wa mkoa walikuwa wanakuja kukagua, na alikuwa na karatasi mezani, kwenye kitanda cha wagonjwa, hata dirishani, kila moja imekandamizwa na jiwe dogo safi. Hakuwa mtu mwenye roho mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu mwenye woga, na woga ukipewa muhuri unafanya kazi sawa na roho mbaya.

Alisoma barua ya Fifi hadi mwisho, akairudia.

"Huyu mugonjwa wenu," alisema, "nilishamuangalia mu registre. Wagonjwa wa hii maladie banachomwa sindano mbili kwa wiki. Iko pale ku mur. Soma."

Ukutani kulikuwa na chati ya zamani, imepauka, pembe moja imeliwa na mende. Ilisema hivyo kweli: mara mbili kwa wiki.

"Yeye," Athanase aliendelea, "alichukua moja, moja, moja. Wiki tano, sindano tano. Muntu anaacha nusu ya dawa yake na iko anatembea, anashona. Hiyo inamaanisha nini? Haiko na lazima nayo. Dawa haitumike, inarudi ku bureau, hapa ku ofisi. Njo règlement, njo sheria."

"Papa, haachake dawa. Ile ni dawa mupya. Balifunga kintu juu yake, inakaa wiki muzima mu damu. Ile ya ku mur njo ya zamani."

"Nani anasema?"

"Docteur wa Goma."

"Docteur wa Goma anasainia mu registre yangu?"

"Basi hii papier." Sidonie alifungua ile karatasi iliyokunjwa mara nane, akailaza mezani na kuweka kidole kwenye mstari. "Soma hapa. Une fois par semaine. Mara moja kwa wiki."

Athanase hakutazama kidole. "Hii ni papier ya kampuni. Kampuni inataka kuuzisha. Miye niko na papier ya ofisi."

Hapo ndipo mtu anapotaka kupiga meza. Fikiri: watu wenye akili wamekaa miaka katika maabara, wameshika protini isiyoonekana kwa macho, wameifunga mnyororo usioonekana kwa macho, ili fundi wa nguo wa mlimani achomwe mara moja badala ya mara mbili. Wamefaulu. Dawa imefika, imefanya kazi, fundi ameshona. Na mtu mmoja aliyekaa chini ya chati iliyoliwa na mende anasema kwamba kwa kuwa imefanya kazi, basi mgonjwa hakuwa anaihitaji! Sidonie alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni. Aliimeza, kwa sababu goti halikuwa lake.

"Papa Superviseur," alisema, na sauti yake ilitoka chini kabisa. "Ndugu yangu iko natoka damu ndani ya goti saa hii. Unipe moja. Moja tu."

Athanase alizungusha kalamu. Alitazama ripoti yake, akatazama mlango wa chumba cha friji. Kisha, kwa namna iliyomshangaza Sidonie, akalegea.

"Sikia, Mama. Wakubwa wangu banakuya. Miye pia sitaki bakute mu frigo dawa haiko ku liste. Tutafanya hivi: unasaini décharge ya maboksi saba, en bon état, unabeba yote saba. Iishe. Kila muntu na amani yake."

Saba! Sidonie nusura amshukuru kwa kupiga magoti. Athanase alichukua karatasi ya décharge, hati ya kupokelea, akaandika kwa mwandiko mzuri wa shule: maboksi saba, yamepokelewa katika hali nzuri. Akaigeuza kwake na kumpa kalamu.

Lakini miaka kumi na moja ya jibini ilikuwa imemfundisha jambo moja. Hakuna anayesaini mzigo kabla ya kuugonga.

"Nione kwanza," alisema.

"Iko mu frigo, Mama. Frigo ya solaire. Iko muzuri kuliko ile cave yenu."

"Nione tu, Papa."

Friji hiyo ya nguvu za jua ilikuwa kwenye chumba chake peke yake, nyeupe, safi kweli, na Athanase aliifungua kwa fahari ya mtu anayefungua mlango wa kanisa. Chini kulikuwa na chanjo za watoto, zimepangwa vizuri. Juu kulikuwa na kisanduku kidogo cha kugandishia barafu za kubebea chanjo. Aliivuta barafu moja, akaiweka chini. Nyuma yake, yamebanana, meupe kwa theluji, yalikuwa maboksi ya Esdras.

"Niliweka pale juu," alieleza, "juu pale njo baridi mingi. Nilitaka zibaki muzuri kabisa. Sita iliingia. Moja ilikosa nafasi, niliacha na vaccin."

Sidonie aliingiza mkono. Boksi la kwanza lilitoka na sauti ya kuchanika, karatasi yake imeshikana na barafu. Alilifungua. Ndani ya kila boksi kulikuwa na kichupa cha unga na bomba la kioo lenye maji safi ya kuuyeyushia. Bomba lilikuwa limepasuka kwa urefu, na barafu ya upana wa kidole ilikuwa imechungulia kwenye ufa. Alifungua la pili. La tatu. Alifungua yote sita, akayapanga sakafuni, vioo vilivyopasuka, kimoja kando ya kingine.

"Ni maji tu imepasuka," Athanase alisema nyuma yake. "Unga iko nzima. Unga inagandaka?"

Sidonie alikunjua tena ile karatasi. Kulikuwa na mstari mmoja uliochapwa kwa herufi nene kuliko mingine yote, na safari hii aliunyanyua hadi mbele ya miwani ya Athanase. Usigandishe. Dawa iliyogandishwa itupwe.

Sasa yeye aliusoma. Aliusoma kwa muda mrefu kwa mstari mfupi vile. Shati jeupe lilianza kulowa chini ya makwapa.

"Sikujua," alisema.

"Iliandikwa ku kila boksi, Papa."

"Sikujua, Mama." Alifunga mlango wa friji polepole, akaurudia kuusukuma kana kwamba ungefunguka wenyewe. Kisha akakumbuka karatasi. "Lakini usaini vile nimeandika. Bon état. Nikiandika bureau iligandisha, njo miye. Bakubwa banakuya, batanifukuza. Miezi minne hawajanilipa prime, posho yangu, na batanifukuza. Niko na batoto, Mama."

"Na miye niko na nani?" Sauti yake ilipanda, hakuishusha tena. "Ile wiki sita ya ndugu yangu, niandike ilikuwa bon état? Nimufunge goti na ile papier?"

Alirudi mezani, akachukua kalamu, akafuta maneno ya Athanase kwa mstari mmoja. Chini yake aliandika kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara nyingi: MOJA NZIMA. SITA BUREAU ILIGANDISHA. Athanase aliivuta karatasi na kuichana. Akachukua nyingine. Akaanza tena: maboksi saba, katika hali nzuri.

Sidonie hakungoja amalize. Aliingia chumba cha friji, akachukua boksi lile moja lililokuwa na chanjo, akalifunga kwenye pindo la kitenge chake kifuani, akatoka.

"Mama! Ile ni mali ya Leta! Hujasaini! Ni wizi, munaona, ni wizi!"

Watu wa barazani walisimama. Hakuna aliyemshika. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa karibu na ngazi, Mukandori, mwenye mguu uliofungwa matambara, alikunja mguu huo kwa mikono yake miwili ili Sidonie apate njia.

Mvua iliwakuta kabla ya kizuizi. Mara mbili walishuka na kuisukuma pikipiki topeni, Twizeyimana akitukana matope kwa lugha tatu. Saa kumi walifika. Goti lilikuwa na sentimita arobaini na tatu, ngozi yake imevutika inang'aa, na Esdras hakuwa na utani tena. Alikuwa ameng'ata ukosi wa shati.

Fifi alichanganya unga na maji, akautikisa polepole, akatafuta mshipa. Alisukuma dawa taratibu, kama karatasi ilivyosema, huku midomo yake ikihesabu. Saa kumi na moja goti lilikuwa arobaini na tatu. Saa kumi na mbili na nusu, arobaini na tatu.

"Imesimama," Fifi alisema, na ndipo alipokaa chini.

Esdras alitema ukosi. "Na ile zingine?"

Sidonie alimwambia. Alimwambia yote, hata shati lililolowa. Kijana alitazama robota la kitambaa cha bluu.

"Ningeshona sare ngapi kwa wiki sita," alisema, na haikuwa swali.

Fifi alipanda kilima kilicho juu ya kituo ambako mtandao unashika vizuri, akampigia Docteur Astrid. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Msaada mwingine, alisema, labda baada ya miezi minne. Daktari angeweza kuwaandikia wafadhili wazibe pengo la sita zilizoharibika, lakini walitaka karatasi ya ofisi inayosema ziliharibikaje. Bila hiyo, kwa hesabu zao, Esdras bado ana maboksi.

"Ya ofisi ile?" Sidonie aliuliza.

"Njo ile."

Jumatatu iliyofuata karatasi ya ofisi ilifika kweli, mkononi mwa mjumbe. Ilikuwa wito. Mama Sidonie alitakiwa kufika Jumanne kujibu wizi wa boksi moja la dawa ya serikali. Kuhusu maboksi sita hakukuwa na neno. Mwishoni waliongeza kwamba afike na mgonjwa mwenyewe, kwa uhakiki.

Papa Straton alisema alipe kitu kidogo yaishe. Fifi alisema angoje. Esdras, aliyekuwa hajaweza bado kusimama, aliusoma wito ule mara moja tu.

"Munibebe," alisema.

Kule mlimani kila kijiji kina ngobyi yake, kitanda cha kusuka cha kubebea wagonjwa, na kila nyumba inajua zamu yake ya bega. Mgonjwa akihitaji, hakuna anayeuliza ni wa ukoo gani. Mzee Dusabimana, mkubwa wa zamu, alipiga filimbi alfajiri, na wanaume wanane wakatoka, wanne wa kubeba na wanne wa kupokezana. Hawakujua kusoma wito, wengi wao. Walijua tu kwamba mtu wao ameitwa na hawezi kutembea. Walimfunga goti kwa mablanketi mawili wakashuka naye taratibu, wakiimba chinichini ili hatua zisipishane. Chini ya kamba vijana walisimama. Chef alikuwa anakula. Aliona ngobyi ikija, akainyanyua kamba mwenyewe kwa mkono uliokuwa na ugali.

Saa nne walifika kwenye nyumba ya bati la bluu. Hawakuacha ngobyi barazani. Sidonie aliwaonyesha, nao wakaitua palepale kwenye kizingiti cha ofisi, kichwa ndani, miguu nje, hata asipite mtu.

Athanase alisimama nyuma ya meza yake. "Ni nini hii? Mutoe huyu muntu mu mulango!"

"Barua inasema nikuye mwenyewe," Esdras alisema kutoka chini. "Nimekuya."

"Weka pembeni kwanza, tutafanya—"

"Apana," Sidonie alisema. Alikuwa amefika na kalamu yake. Aliiweka mezani mbele ya Athanase, juu ya karatasi tupu. "Ulisema iko na lazima ao haiko na lazima. Sindano ya mwisho ilikuwa Jumanne. Leo njo siku ya saba, ile dawa inaisha mu damu yake. Hatuna ingine. Kesho, kesho kutwa, goti itaanza. Itaanzia hapa, mbele ya macho yako na ya wakubwa wako. Ao unaandika sita bureau iligandisha."

Athanase alitazama kalamu. Hakuishika, wala hakusema mtu aiondoe.

Nje, wabebaji wanane walikaa ukutani pamoja na wagonjwa wa baraza, wakafungua majani ya migomba, wakaanza kugawana mihogo waliyobeba ya kuwatosha siku mbili.